Bamba la Kisongwe Lililofunguliwa Kabla ya Siku Yake

Mheshimiwa Mwakilishi wa serikali ya jimbo letu la Tanganyika, Papa Burugumestri, mkuu wa eneo letu, waheshimiwa maofisa wa usalama wa ziwa, Baba Padri na wachungaji wa makanisa yote, Mama Enjiniya Laetitia na wafanyakazi wako, Docta Cyrille, uliyetoka hospitali mjini, ninyi wavuvi wa Kisongwe, ninyi mama zetu wa ndakala, waanikaji wa dagaa, nanyi watoto mliokaa mbele kwenye mchanga: ninawasalimu kila mmoja kwa heshima ya nafasi yake. Kama kuna mkubwa niliyemruka, ninamuomba radhi sasa hivi, kabla hajakasirika.

Mimi ninaitwa Syntiche. Ni karani wa kamati iliyoandaa sherehe hii. Mwenyekiti wetu ndiye aliyepaswa kusimama hapa, lakini homa imemkamata na sauti imekauka, akaniambia: "Syntiche, wewe unajua mambo yote, nenda ukaseme."

Tumekuja kusherehekea ushindi, na ninataka tuuseme wazi ili hata atakayetoka Moba kesho na kuuliza tulishangilia nini, apate jibu. Rezo, mtandao wa simu, imefika Kisongwe!

Ninyi wageni mliofika leo kwa boti, mkaona simu zenu zinaita kama vile mko sokoni Kalemie, je, mnajua mambo yalikuwaje? Mnara wa simu uko mjini, na kati ya mnara na ghuba yetu kuna mlima huu wa mawe. Mawimbi ya simu yalikuwa yanafika kwenye mgongo wa mlima, yanagonga jiwe, yanaishia hapo. Kwa hiyo mtu wa Kisongwe aliyetaka kumsalimu dada yake Kigoma alifanya nini? Alipanda mtumbwi. Ndiyo, Mheshimiwa, usicheke: alipiga kasia mpaka nje ya ncha ya mawe, akasimama katikati ya maji, akaongea huku mwenzake ameshikilia mtumbwi usizunguke. Wapenzi wamegombana kule, ndoa zimepangwa kule, simu zimezama kule. Mzee Jacob, baharia wetu, alikuwa akiwaambia vijana, "Mpende msichana wa karibu, wa mbali atakuzamisha."

Watu wa mjini walitupa ushauri mwingi. Jengeni mnara wa pili, walisema. Lakini gari gani litapandisha chuma juu ya mawe haya? Na mafuta ya jenereta yatapanda kwa mgongo wa nani, kila juma, mvua na jua? Tulisikiliza, tukatikisa vichwa, tukarudi kwenye mtumbwi.

Ndipo akaja Mama Enjiniya Laetitia, mutoto wa Moba, aliyesoma Lubumbashi na kurudi na jambo ambalo wengi wetu tuliliona kama mchezo. Alituambia: hamuhitaji mnara mwingine, mnahitaji ukuta unaojua kurudisha mawimbi. Akatuonyesha bamba, lile mnaloliona juu pale, pana kama ukuta wa nyumba, limesimama kwenye nguzo ndefu juu ya jabali, na huko juu linauona mji upande mmoja na kuiona ghuba upande wa pili.

Naomba nilieleze kama alivyonieleza mimi, kwa uvumilivu, mpaka nikaelewa. Kwanza, kule mjini, antena ya zamani ilikuwa inamwaga mawimbi pande zote, kama mtu anayerusha maji kwa ndoo. Antena mpya ina antena ndogo nyingi ndani yake, nazo zikifanya kazi kwa pamoja hukusanya mawimbi na kuyaelekeza mahali pamoja, kwetu sisi ni kwenye jabali lile. Pili, bamba lenyewe. Limegawanywa katika vipande vidogo, kila kimoja kama kiganja cha mkono. Wimbi likifika, kipande hiki kinalichelewesha kidogo, kile kinaliachia lipite upesi, na kwa kuchelewesha huku na kuachia kule, mawimbi yote yanaondoka pamoja kuelekea upande mmoja tuliouchagua. Bamba halijasogea hata kidogo, lakini mwelekeo umebadilika. Mchana kutwa linaelekeza rezo kwenye kituo cha afya na mahali pa kuanika ndakala. Jioni linaelekeza kwenye maji, kwa wavuvi wanaotoka. Halina jenereta, wala halingurumi. Linaendeshwa na sola moja yenye ukubwa wa mlango.

Kuna waliosema litafukuza ndakala. Mama zangu, jibu liko nyuma yenu, limeanikwa mpaka nafasi ya viti imekosekana.

Basi, bamba lilisimamishwa, likajaribiwa, likafanya kazi. Kisongwe yote iliongea kwa simu mpaka betri zikalia. Mama Pétronille, muuguzi wa kituo chetu cha afya, ndiye aliyefurahi kuliko wote, na ninyi mnajua sababu. Kabla ya hapo, uzazi ukiwa mgumu, ilibidi amtume mtu kwa mtumbwi akapige simu. Na ziwa likichafuka, alimtuma nani? Alikaa na mama yule akimshika mkono. Wengine hapa mna makaburi yanayoweza kusimulia yaliyofuata.

Ninaomba sasa kusema jambo ambalo halikuwa katika karatasi ya mwenyekiti. Nimelifikiria sana. Ninalisema kwa heshima.

Kwetu, kitu kipya hakifanyi kazi mbele ya watu kabla mkubwa hajafika kukifungua. Kisima kinafungwa kamba, darasa linafungwa kufuli, gari linavalishwa kitambaa. Ni desturi nzuri, ni namna yetu ya kusema asante. Kwa hiyo kamati yetu, ilipopata tarehe ya sherehe, iliamua bamba lifunikwe. Kitambaa kingetosha. Lakini tuliogopa mvua ingelichafua kabla Mheshimiwa hajaliona, basi likatafutwa bashi, turubai nene la lori, lile lenye ngozi ya kung'aa ya bati kwa ndani, likafungwa vizuri kwa kamba, na juu yake mama wa kanisa wakashona maua. Lilipendeza sana. Na rezo ikafa.

Hatukuelewa. Mama Laetitia alikuwa ameshaenda Kabalo kwa kazi nyingine. Tulisema labda ni mji, labda ni mawingu. Tarehe ya sherehe ikaahirishwa, kwa sababu ya kazi nyingi za jimbo ambazo sote tunazielewa, ikaahirishwa tena. Bashi likabaki. Baadaye Mama Laetitia aliposikia, alishika kichwa akasema, "Mumefunika dirisha na bati, kisha munauliza jua limeenda wapi?" Lakini hiyo ilikuwa baadaye.

Siku moja, mchana, nilitumwa hapa kutazama mahali pa kuweka viti. Nilikuwa chini ya bamba pamoja na Papa Grégoire, mlinzi, mtu wa amri zake, tuliyempa kazi ya kuhakikisha hakuna anayeligusa. Ziwa lilikuwa limechafuka, mitumbwi yote imevutwa mchangani. Nikamwona Mama Pétronille anatoka kituoni akikimbia, simu mkononi, mpaka kwa mama wa ndakala. Emmanuella, mke wa mvuvi Ruben, alikuwa na uzazi wake wa kwanza, na mutoto alikuwa anatanguliza miguu. Mama Pétronille alihitaji daktari. Rezo hakuna. Mtumbwi hauwezi kutoka.

Mama Philomène, mkubwa wa mama wa ndakala, hakuuliza swali. Aliacha samaki, akapanda mawe haya na kisu chake mkononi.

Papa Grégoire akasimama mbele yake. "Mama, usiguse! Hii kitu wakubwa hawajaifungua!"

"Iliwaka mbele ya kufunikwa, ama haikuwaka?"

"Iliwaka, lakini sherehe bado!"

"Basi shuka kule kwa Emmanuella, umwambie mutoto arudi ndani angojee sherehe!"

Papa Grégoire akanigeukia mimi. "Karani, sema kitu! Wewe njo serikali hapa!"

Na Mama Philomène akanigeukia pia. Mama Pétronille alikuwa amefika nyuma yake, anahema. Mama Philomène akasema, "Ndiyo, karani. Wewe ulisoma. Angalia kwa simu ya muuguzi: kuna rezo ama hakuna?"

Nikaangalia. "Hakuna, Mama."

"Umeshasema," akajibu, akaanza kukata kamba.

Na Papa Grégoire, ambaye leo wengine wanamcheka, nataka mjue alichofanya. Alilalamika, aliapa kwamba atafukuzwa kazi, alimtaja Mungu na mjomba wake wa Nyunzu, na huku akilalamika alikwenda kuleta ngazi, akaishika kwa mikono miwili ili mama asianguke.

Bashi lilishuka na maua yake yote. Simu ya Mama Pétronille ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe, na kabla hajafika chini ya mawe alikuwa ameshampata Docta Cyrille, si sauti tu, sura pia. Docta, ulimwona Emmanuella kutoka mjini kama vile umesimama mlangoni. Sisi tuliokuwa nje tulikusikia ukisema, "Usivute, Mama Pétronille. Usivute. Muache ashuke mwenyewe. Sasa shika kiuno, taratibu." Picha haikukatika. Hakuna aliyekwenda kusimama katikati ya maji. Halafu tukasikia sauti nyingine, ndogo, yenye hasira, na wavuvi wazima wakakaa chini mchangani wakalia.

Ziwa lilipotulia, boti kubwa ilikuja ikawachukua mama na mutoto hospitali, wakaangaliwa, wakarudi wazima. Ruben alitaka kumwita mutoto Rezo. Bibi yake akakataa kabisa: "Mujukuu wangu haitwi Rezo, rezo inapotea kila siku." Wakamwita Philomène. Kwa hiyo, Mheshimiwa, leo tuna Philomène wawili katika mkutano huu. Mmoja amelala pale mgongoni kwa Emmanuella. Mwingine ana konvokasio.

Ndiyo. Mama Philomène ameandikiwa barua ya kuitwa, ajibu kesho asubuhi kwa nini alifunua mali ya serikali kabla ya kufunguliwa rasmi. Barua imetoka kwa kamati yetu, na inaniita mimi niwe shahidi. Nitakwenda, nikiitwa. Lakini ninajiuliza: nitashuhudia nini? Kwamba alikata kamba? Alikata. Kwamba hakuwa na ruhusa? Hakuwa nayo. Kwamba mutoto yuko hai? Yuko hai, na mnaweza kumsikia akikohoa. Nikiweka mambo hayo matatu mezani, nani ataweza kuyapima akamkuta mama huyu na kosa?

Mheshimiwa, sisi hatudharau desturi ya kumngojea mkubwa. Tulikungojea, na tumefurahi umefika. Angalia bamba: leo halina kifuniko chochote, kwa sababu Mama Laetitia ametukataza, na sisi tumejifunza kwamba kitu hiki kinaheshimiwa kwa kuachwa wazi kifanye kazi. Tumefunga utepe tu, chini ya bamba, kwenye ngazi ileile aliyoishika Papa Grégoire. Ninachokuomba mbele ya watu hawa wote, ni kwamba usikate utepe huo wakati mwanamke aliyelifanya bamba liokoe mtu anangojea kuhukumiwa. Ninaomba konvokasio ile ifutwe. Leo. Hapa.

Nimesema. Ninangoja.

Mheshimiwa anaongea na Papa Burugumestri. Tafadhalini, mama zangu, msipige vigelegele kwanza, sisikii.

Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo. Nimesikia, lakini wa nyuma hawakusikia. Unaniruhusu nirudie kwenye mikro? Asante. Mheshimiwa Mwakilishi amesema hivi: "Barua ile imekufa. Na mimi nimekuja kufungua kitu ambacho kimeshafunguliwa vizuri kuliko ninavyoweza. Utepe akate yeye, mimi nitashika ngazi."

Sasa pigeni! Pigeni mpaka mjini wasikie, na wasiosikia tutawapigia simu!

Mama Laetitia, umetuletea elimu ambayo haikuomba barabara wala mafuta, ikatufikia hata nyuma ya jiwe. Docta Cyrille, Mama Pétronille, mikono yenu tunaiheshimu. Mheshimiwa, umefanya jambo ambalo Kisongwe itakuwa inalisimulia wewe ukiwa umezeeka. Papa Grégoire, kazi yako iko palepale, nimeambiwa niseme hivyo. Mama Philomène, njoo mbele, acha kujificha nyuma ya nyavu za kuanikia ndakala, tunakuona. Mkasi uko kwenye sahani. Ukipenda kisu chako, hakuna atakayekuzuia.

Ninyi nyote mliovumilia jua mkanipa masikio yenu, ninawashukuru sana. Nimemaliza; sasa tumtazame mama.