Jumamosi 1,214 za Fundi Mita

Marehemu baba yetu mdogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mita, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tano kati ya saba. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, akajifunza ufundi bomba, na mwaka 1984 akaajiriwa idara ya maji, akifunga na kusoma mita mpaka alipougua.

Mwaka 1994 alitumwa kubadilisha mita nyumbani kwa mwalimu wa hesabu. Mfuniko wa mita mpya ulichongwa namba 100890919.

"Fundi, hiyo ni namba tasa, au inagawanyika?" mwalimu alimtania.

"Nipe muda, Mwalimu."

"Chukua. Ila nataka kuona hesabu, sio maneno matupu."

Fundi na mwalimu huyo, ndiye Mama Mdogo wetu, walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995. Jumamosi ya tarehe 6 Januari 1996 akaanza kutimiza ahadi. Kuthibitisha kwamba namba ile ni tasa, ilibidi aigawanye kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili: kuanzia 2 hadi 10,039, jumla 1,233. Aligawanya kwa moja kila Jumamosi baada ya chai, kwa mkono, na Mama Mdogo akakagua na kuweka vema kwa kalamu nyekundu. Tulipomletea kikokotoo alikirudisha. "Kwani hiki ndicho kilichooa?"

Machi 2019 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 6 Aprili aligawanya kwa mara ya 1,214, kisha akalazwa. Alinikabidhi madaftari mimi, mtoto wa kaka yake.

"Zimebaki kumi na tisa tu, msomi. Mpaka sasa haijagawanyika. Usiniibie kwa simu."

Nilikuta ukurasa mmoja usio na vema: tarehe 27 Machi 1999, kigawanyo 1009. Siku hiyo Mama Mdogo alikuwa wodini, akijifungua binti yao. Kwenye 9181 kutoa 9081, marehemu aliandika 110 badala ya 100, akapata baki. Nilirudia mara tatu. Haibaki kitu: 1009 mara 99991. Namba haikuwa tasa, na kwa miaka ishirini alikuwa akitafuta jibu alilokwisha kulipita.

Nilirudi hospitali na ukweli huo, mimi ninayegombana na kila mtu kwa ajili ya ukweli.

"Vipi, imegawanyika?"

"Bado, Baba Mdogo."

"Si nilisema!"

Sikuweza zaidi ya hapo. Madaktari nao hawakuweza. Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Mei 2019, saa nne asubuhi. Tunamzika leo, Jumamosi.

Jana nilimweleza Mama Mdogo. Alichukua kalamu yake, akagawanya mwenyewe mpaka sifuri, akamtazama binti yake. "Kumbe jibu lilikuja siku uliyozaliwa," akasema, "na mimi sikuwepo kukagua." Kalamu ikabaki juu ya ukurasa. Hakujua aweke vema au kosa.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, ndugu wanne, wapwa na watoto wa kaka zake, na ukurasa mmoja ambao haujasahihishwa.

Fundi wetu apumzike kwa amani.