Mguu wa Mchezaji

Basi lilipotoka hospitali, mama aliyeketi mbele yangu alimweleza jirani yake, mzee fundi viatu, habari za bintiye. Mwaka mzima alitibiwa vidonda vya tumbo, mpaka madaktari walipokata kinyama tumboni wakakipima. Kumbe ni saratani adimu ya utando unaofunika mishipa ya fahamu iendayo mguuni.

"Wakiitoa yote, mguu mmoja utapooza. Amekataa. Yeye ni mchezaji mpira."

"Mwache, mama. Mwili ni wake."

Nilitazama dirishani, lakini masikio hayana pazia.

"Mzee wangu, wewe una mtoto?"

"Ninaye. Nilimsihi mpaka akakubali kukatwa mguu. Hadi leo hanisemeshi."

"Lakini yu hai?"

"Yu hai."

"Heri na wangu aninunie."

Basi liliposimama, mama alishuka, akavuka barabara kungoja la kurudi hospitali.