Kisahani cha Majivu cha Baba Mkwe

Benchi hili nimelipigilia misumari mimi mwenyewe, nje ya kibanda changu cha viatu, ili wateja wapate pa kukaa wakisubiri soli. Mteja wa soli sijamwona akilikalia mwaka wa ngapi huu. Wanaolikalia nawajua kwa makalio. Kuna Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye humnyoa mtu nusu kichwa akamwacha kitini, akatoka nje kuja kujibu hoja. Kuna Breki, dereva wa malori aliyestaafu, tuliyempa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Kuna Muhuri, karani wa masjala kwa miaka thelathini, ambaye mpaka leo haamini jambo lisiloandikwa. Wa nne ni Dirisha, fundi vioo, mtu mpole, hunywa kikombe kimoja cha kahawa asubuhi akaenda zake kazini. Ijumaa ile alikuja na boksi kalipakata kwa mikono miwili, na mimi nikajua kazi yangu imeharibika.

— Fungua tuone, alisema Kinyozi, hata salamu hakutoa.

Dirisha akafungua. Akatoa visahani viwili vya majivu, vyote vya kioo, akaviweka katikati ya benchi kando ya birika. Kimoja kikubwa cha mraba, kizito, kina mifereji minne ya kulazia sigara, kila pembe mmoja. Kingine kidogo, cha mviringo, kina mfereji mmoja tu, mpana.

— Nisaidieni kuchagua, ndugu zangu. Mwenye duka kaniamini navyo vyote mpaka adhuhuri. Kimoja nichukue, kimoja nirudishe.

— Umeanza lini kuvuta? aliuliza Muhuri.

— Sivuti. Ni cha baba mkwe. Yeye anavuta siga, ile sigara nene ya majani matupu. Moja tu kwa wiki, Ijumaa alasiri, barazani kwake. Na mimi hukaa naye. Miaka kumi na moja sasa nakaa naye kila Ijumaa.

— Na kisahani chake cha zamani?

Dirisha akatazama chini.

— Nilikivunja.

Breki akashusha kikombe. Mimi nikaacha sindano ndani ya kiatu. Mambo ya mkwe si mambo ya kusikiliza nusu nusu.

— Ulikiangusha? niliuliza.

— Afadhali ningekiangusha. Nilikuwa namwonyesha shemeji yangu jinsi kioo kizuri kinavyolia. Nikakigonga kwa mpini wa kikatio changu cha vioo. Mara ya kwanza kikalia vizuri. Mara ya pili vizuri zaidi. Mara ya tatu kikawa vipande vinne.

— Fundi vioo! alisema Kinyozi, akapiga mapaja. Fundi vioo mzima!

— Siga ilikuwa imelazwa humo, kioo kimepata moto. Na kioo chenye moto hakigongwi, nawafundisha wanagenzi wangu kila siku. Sijui siku ile akili zangu zilikwenda wapi.

— Mzee akafanyaje? Alifoka?

— Angefoka ningelala usingizi. Alinitazama tu, akasema, "Asante, fundi." Miaka kumi na moja ananiita mwanangu. Tangu siku ile ni fundi. Karibu, fundi. Kahawa hiyo, fundi. Nenda salama, fundi. Ijumaa tatu hizi! Mke wangu ananiuliza mbona sili, chakula kinabaki sahanini. Nimwambie nini? Kwamba nimefukuzwa uana na bado naandaliwa kahawa?

Alisema kwa sauti ya chini, na nitasema kweli, iliniuma. Mzee wa watu hajamtukana, hajamfungia mlango. Kambadilishia neno moja tu, basi, na mwanamume mzima kakonda.

— Tulia, alisema Muhuri, akavaa miwani. Umekuja mahali pake. Kwanza tuhesabu mifereji. Hiki kina minne. Maana yake unamwambia mzee, "Nakutakia wageni." Hiki kina mmoja. Maana yake unamwambia, "Kaa peke yako."

— Mungu wangu, alisema Dirisha.

— Ngoja. Lakini mzee ana wageni wavutaji?

— Hana. Ni yeye na mimi.

— Basi ukimpelekea cha minne, unamkumbusha kwamba mifereji mitatu ni mitupu. Ni tusi. Ningekuwa mimi ningeliandika.

— Sasa nichukue kipi?

— Nimekwambia maana yake tu. Uamuzi si kazi ya masjala.

Breki akamsukuma Muhuri kwa kiwiko.

— Achana na mifereji. Swali ni unene wa kioo. Siga ina joto la ekzosi, mimi nakwambia. Kuna mwenzangu mmoja aliweka kisahani chembamba mbele ya usukani, akalaza siga yake, tukawa tunapanda mlima. Kile kitu kililipuka! Kioo cha mbele kikaenda. Kioo cha nyuma kikaenda. Mbuzi waliokuwa nyuma ya lori wakaruka wote.

— Wiki iliyopita hao mbuzi waliruka kwa sababu ya nyoka, nilisema.

— Hao walikuwa mbuzi wengine.

— Jamani, alisema Dirisha, mimi ni fundi vioo. Vyote viwili ni vinene, havilipuki.

— Hata cha kwanza ulikuwa unasema hivyo hivyo, alisema Breki.

Kinyozi alikuwa amekwisha kukibeba kile kidogo, anakigeuza juani. Ndani ya duka lake mteja aliyefunikwa shuka shingoni aliita, "Kaka, vipi?" Kinyozi akamjibu, "Naja sasa hivi," bila kugeuka.

— Ninyi nyote mnapotea, alisema. Mfereji ni kama kola ya shati. Usipomkaa mtu, hata uwe wa dhahabu, hautamfaa. Tunataka kipimo. Dirisha, siga ya mzee ina unene gani?

— Nene.

— Nene kama nini? Kidole gumba?

— Kidole gumba… cha nani?

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Breki alilaza gumba lake kwenye kisahani kikubwa, likaenea sawasawa. Muhuri akalaza lake kwenye kidogo, likachezacheza. Kinyozi akajaribu gumba kila mfereji, yote mitano, akatangaza kwamba gumba lake ndilo la wastani na serikali ingefaa ilitumie. Breki akasema gumba la kinyozi limelainika kwa povu, halipimi kitu. Muhuri akataka magumba yote yaandikwe. Wakanigeukia mimi.

— Fundi Viatu, lete lako.

— Langu lina gundi.

— Lete hivyo hivyo!

Nikalaza gumba. Likanasa kidogo kwenye kisahani cha mwenye duka, nikalibandua polepole huku Dirisha kafumba macho. Nikafuta alama kwa aproni.

— Miaka kumi na moja, Kinyozi alimwambia, unakaa na mtu anavuta siga mbele ya pua yako, na hujui unene wake?

— Huwa siitazami siga. Namsikiliza anavyoongea.

Lakini Breki hakulipa neno hilo nafasi.

— Mimi naanza kuuona mchezo, alisema, akainamisha kichwa na kupunguza sauti. Huyo mzee amekutega. Kisahani kile kilikuwa na ufa tangu zamani. Alikiweka pale makusudi, shemeji akatumwa akuulize habari za kioo, wewe ukaingia mwenyewe. Walitaka kujua kama una subira. Umeshindwa mtihani.

— Shemeji alitumwa?

— Alitumwa! Alikaa upande gani?

— Kushoto.

— Unaona!

Sikuona kitu, na Dirisha naye hakuona, ila tayari jasho lilikuwa linamtoka. Mtu mwenye wasiwasi ukimwambia jua limetumwa na shemeji yake, atalitazama mara mbili.

— Kama ni mtihani, dawa yake ni barua, alisema Muhuri. Mhusika, kichwa cha habari, aya tatu. Aya ya kwanza unakiri kugonga. Aya ya pili unataja umegonga mara ngapi. Aya ya tatu unaomba kurejeshewa cheo cha mwana kuanzia tarehe ya barua. Nakala kwa mkeo. Nitakuandikia mimi, muhuri ninao nyumbani.

— Muhuri wa masjala uko nyumbani kwako?

— Hilo tuliache.

— Barua gani kwa mkwe! alisema Kinyozi. Sikilizeni dawa. Mpelekee vyote viwili. Kikubwa akitumie. Kidogo umpe mkononi, umwambie, "Baba, kivunje." Akivunje mbele yako. Yeye kavunja, wewe umevunja, mko sare. Hasira itaishia hapo hapo.

— Na kisipovunjika? alisema Breki. Kioo chenyewe kinene hivi. Mzee anapiga chini, kinadunda. Anapiga tena, kinadunda. Utakuwa umemwongezea hasira na kumtegua bega.

— Ataazima nyundo.

— Aiazime kwa nani?

— Si mkwewe ni fundi?

Walicheka mpaka Muhuri akavua miwani. Dirisha hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kidogo, na wallahi nilimwona anafikiria, anapima moyoni kama kweli ampe mzee wa watu kisahani na nyundo. Tulikuwa tumemharibu kabisa.

Wakati huo ndipo alipokuja muuguzi mmoja wa zahanati ya mtaa wa pili kufuata kiatu chake. Mgeni kijiweni petu. Alikuwa bado kavaa sare nyeupe, uso wa mtu aliyetoka zamu.

— Habari za hapa, wazee?

— Nzuri, dada, ila mzee ni huyu na huyu, alisema Kinyozi. Mimi bado.

Akakaa pembeni ya benchi, akawa mteja wangu wa kwanza kulikalia baada ya miaka. Nilikuwa namalizia kisigino chake. Wao hawakumngoja aulize. Walimmwagia yote kwa pamoja, siga, mifereji, ekzosi, barua, nyundo, wakamtilia na kahawa ya mwisho iliyobaki kwenye birika. Akanywa anasikiliza. Kisha akamgeukia Dirisha.

— Kaka, hicho kilichovunjika, vipande vyake viko wapi?

Muhuri akamtazama Kinyozi, Kinyozi akatazama duka lake. Asubuhi nzima tulikuwa tumepima magumba, na swali hilo halikumpitia mtu.

— Aliviokota mwenyewe, alisema Dirisha taratibu. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Akavifunga kwenye leso.

— Akavitupa?

Nikamwona Dirisha anairudisha ile Ijumaa kichwani, barazani, leso, mzee anainuka.

— Aliingia navyo ndani, alisema. Pipa la taka liko nje.

— Na kile kisahani alikipata wapi, kwa nani?

— Sijui. Ewe Mola, sijawahi kumuuliza.

Muuguzi akavaa kiatu chake, akakanyaga mara mbili kujaribu kisigino, akatushukuru kwa kahawa, akaenda zake kulala. Dirisha naye alishasimama. Hakuaga. Alikwenda upande wa karakana yake, kwanza anatembea, halafu anakimbia, na mtu mzima mwenye kitambi akikimbia mtaani watu hupisha. Visahani akatuachia.

— Na hivi visahani je? aliuliza Muhuri.

Nani alivirudisha dukani? Mimi, na aproni yangu, dakika tano kabla ya adhuhuri. Mwenye duka akakitazama kikubwa, akaniuliza mbona kinanata.

Kesho yake Dirisha alikuja amechelewa. Tulikuwa tumekaa kimya tangu asubuhi, jambo ambalo halijapata kutokea. Kinyozi hakuwa amegusa kichwa cha mtu.

— Vilikuwepo? aliuliza Breki kabla hajakaa.

— Vilikuwepo. Kabatini, ndani ya leso ile ile, pamoja na picha ya marehemu mama mkwe. Ndiye aliyempa, mwaka waliooana. Nilimwambia, "Baba, nisamehe, niruhusu nikiunge." Akainuka, akaenda akavileta. Tuliketi mezani mimi na yeye, akanishikia taa, nikaunga kipande cha kwanza. Vimebaki viwili.

— Alikuitaje? niliuliza. Hicho ndicho nilichokuwa nangoja.

— Wewe.

— Wewe?

— "Wewe, gundi isizidi." Hivyo.

Muhuri akasema wewe ni pungufu kuliko fundi, kwa sababu fundi ni cheo. Breki akasema hapana, wewe ni ya nyumbani, mgeni haitwi wewe. Walikuwa wanajiandaa kwa mabishano ya siku nzima, na kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa Breki.

— Na kwa nini hukumaliza vipande vyote jana? aliuliza Kinyozi.

— Kila kipande kinataka siku nzima kukauka. Leo narudi jioni. Na kesho.

— Siku nzima? Kioo changu cha dukani ulikiunga kwa gundi hiyo hiyo, na dakika kumi nyingi nilikuwa nanyolea mbele yake!

Dirisha akajimiminia kahawa, akapuliza.

— Mzee ndiye aliyesema siku nzima, alisema. Mimi ni nani nimbishie baba yangu?