Moja Tu kwa Noelene

Ndani ya basi la kutoka Dubbo, Australia, kiti cha mbele yangu, bibi mwenye kofia ya sufu alikuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti, jamaa wa makamo ambaye hakujuana naye.

"Noelene kashindwa kwa kura kumi na tisa! Mgombea binafsi, hana chama, alichotaka ni turudishiwe wodi ya wazazi tu. Basi, mabinti zetu waendelee kuzalia barabarani."

"Inauma, mama. Mimi nilikuwa kwenye kuhesabu. Kura zake nyingi ziliharibika."

"Walevi hao."

"Wala. Mtu kamwandikia Noelene namba moja, wagombea wengine saba kawaacha wazi."

"Sasa kosa liko wapi? Hata mimi nilifanya hivyo. Nimpe namba yule aliyetufungia wodi?"

"Unawapa wote namba, mama, moja hadi nane, hata unayemchukia. Ukiacha mmoja, kura yako haihesabiwi."

"Acha utani! Kwenye uchaguzi wa jimbo, namba moja tu ilitosha."

"Ule wa bunge la jimbo. Huu wa bunge la taifa, sheria yake nyingine."

Nchi hii inakutoza faini usipopiga kura, kisha ukipiga inaitupa.

Basi likasimama mbele ya kanisa. Akina mama zaidi ya ishirini, na vikapu vyao vya kufumia, walikuwa wakimpungia bibi mkono chini ya bango la Noelene.

Bibi hakuinuka. "Hao wote niliwafundisha mimi kupiga kura," alisema. "Tena niliwaandikia kwenye karatasi."

"Mama," dereva akaita, "si unashuka hapa?"