Posa Iliyokosea Mlango

KIFIMBO: Haloo? Nani huyo anapumua tu bila kusema?

TABASAMU: Shh! Ni mimi, Tabasamu. Nimejifungia bafuni.

KIFIMBO: Shosti! Habari za— usiniambie bosi anatutaka tukapulize dawa ya virusi ile benki tena. Leo mapumziko, mgongo wangu bado una alama za mtungi.

TABASAMU: Achana na benki! Kifimbo, nimeposwa.

KIFIMBO: Umefanywaje?

TABASAMU: Nimeposwa! Mimi, mke wa mtu, mama wa mapacha! Sebuleni kuna kijana na shangazi yake, barakoa zao zimeshonwa kitambaa kimoja. Na mume wangu kakaa hapo hapo, kashika rimoti kama rungu.

KIFIMBO: [anacheka] Mungu wangu! Ni kijana gani huyo asiye—

TABASAMU: Usicheke! Anasema ana tanuri la mikate.

KIFIMBO: [kimya]

TABASAMU: Haloo? Kifimbo? Mtandao umekata?

KIFIMBO: Nipo.

TABASAMU: Mbona sauti imeingia mfukoni ghafla? Anasema nilipuliza dawa kwake wiki nzima. Wiki ile nilikuwa hapa nauguza watoto! Nani alivaa ovaroli yangu?

KIFIMBO: Yangu ilichanika matakoni, shosti. Ningepitaje mbele za watu?

TABASAMU: Ovaroli imeandikwa TABASAMU kifuani, herufi kubwa kama za dukani!

KIFIMBO: Si bosi huyo, eti tukishavaa miwani na barakoa hata mama zetu hawatutambui. Kijana kaniita Tabasamu, nikaitika. Ulitaka nimwambie naitwa Kifimbo?

TABASAMU: Umeitika mpaka posa imeletwa! Kauliza mtaani Tabasamu wa dawa anakaa wapi, watoto wakamsindikiza mpaka mlangoni kwa shangwe!

KIFIMBO: Kavaa nini?

TABASAMU: Shati limepigwa pasi mpaka linakata. Sikiliza, hatuna muda. Mume wangu ameshauliza mara mbili "mikate gani hiyo". Nikiwaambia wamepotea njia, shangazi mtu atainuka na kijana wake na aibu yake, humwoni tena. Unamtaka, humtaki?

KIFIMBO: Shosti... ile dawa, ukishapuliza unasubiri dakika kumi ndipo ufute, si ndiyo?

TABASAMU: Nani asiyejua?

KIFIMBO: Mimi nilimwambia nusu saa.

TABASAMU: [anacheka, anajiziba mdomo] Mwizi wewe!

KIFIMBO: Yeye kule kwenye tanuri, mimi huku mlangoni, tunapiga soga kwa kupayuka. Tangu ugonjwa huu uingie sijacheka vile. Nampenda. Haya, nimesema!

TABASAMU: Basi natoka nikawaambie—

KIFIMBO: Usithubutu! Hajaniona uso. Kovu langu la moto, Tabasamu, toka shavuni mpaka kidevuni. Barakoa hizi ndizo zimefanya watu waache kugeuka kuniangalia mara ya pili. Kwake mimi ni macho na sauti tu. Akiona yaliyobaki—

TABASAMU: Na wewe uso wake umeuona?

KIFIMBO: Hapana.

TABASAMU: Heee! Unampenda mtu hujui hata kama ana pua!

KIFIMBO: Anayo! Inasukuma barakoa!

TABASAMU: [anacheka] Ngoja, naitwa. [kwa sauti] Nakuja, mume wangu, ni tumbo tu! [kwa kunong'ona] Usikate. Natoka na simu.

KIFIMBO: Tabasamu, nakuomba—

TABASAMU: [mbali na simu] Shangazi, samahani sana. Jamani, posa imekosea mlango. Mnayemtaka alivaa nguo yangu. Anaitwa Kifimbo, hana mume, ana kovu la moto usoni, heri mjue sasa hivi. Na ile dawa ni ya dakika kumi, hizo nyingine kawaongezea mwenyewe!

KIFIMBO: Nimekufa! Umenizika!

TABASAMU: [mbali] Ati? Rudia, kaka! [kwenye simu] Kifimbo, huyu anasema dakika kumi alikuwa anazijua! Zimeandikwa kwenye mtungi, alikuwa anasoma kila siku na kunyamaza!

KIFIMBO: [anacheka] Muongo mwenzangu! Na... na kovu?

TABASAMU: [mtandao unakwaruza] —kama bado—

KIFIMBO: Sikusikii! Kasema nini?

TABASAMU: Anauliza kama bado linauma. Hicho tu.

KIFIMBO: Mwambie haliumi.

TABASAMU: Kamwambie mwenyewe, ameshasimama! Shangazi anatafuta kiatu chake chini ya kochi. Wanakuja kwako!

KIFIMBO: Saa hizi? Nina khanga tu hapa! Nywele hazijaona chanuo! Mzuie!

TABASAMU: Nimzuie vipi, mume wangu ndiye anayewaonyesha njia, tena mbio! Yuko mbele ya msafara!

KIFIMBO: Shosti, barakoa nivae au nivue?

TABASAMU: Vaa, fungua madirisha, wakae mbali nawe. Mtu ukiwa tayari unavua. Salio langu hilo, linalia—

KIFIMBO: Basi kata nichane nywele! Hapana, usikate, naogopa! Nawasikia watoto wanapiga kelele barabarani... Ah, kata bwana! Navua mimi, navua mlangoni hapa hapa!