Trela ya Mzee Sefu na Swichi Iliyowekwa Chini

Ijumaa hii, tarehe 31 Desemba 1993, baada ya kuitumikia Gereji Umucyo ya Gatsata kwa miaka ishirini na saba, Mzee Sefu Kagabo, fundi wetu wa umeme wa magari, anaweka koleo chini. Anaondoka mzima, mcheshi na mbishi vilevile kama alivyoingia. Sisi tunaobaki ndio tutakaopata tabu.

Mzee Sefu ni mtoto wa Nyamirambo, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka Tabora na vitambaa vyake, akanogewa na huku, asirudi. Alianza hapa mwaka 1966 kwa kuchaji betri. Akapanda kwenye dinamo, kisha akakabidhiwa nyaya za kila gari lililoingia getini, na madereva wa teksi wa Nyabugogo wakajifunza kunyamaza anapofanya kazi. Asiyenyamaza aliambiwa akanywe chai, na chai hiyo alijilipia mwenyewe.

Ametuachia desturi moja. Kwa Mzee Sefu, fundi hawashi taa aliyoitengeneza. Huzipima nyaya kwa balbu yake ya kupimia, akiridhika hufunga kazi. Kuwasha taa yenyewe mara ya kwanza ni haki ya mwenye gari. Siku moja Nzeyimana, mchomeleaji wetu kutoka Burundi, aliwasha taa za basi kabla mwenyewe hajafika. Lo! Mzee hakumsemesha mpaka kesho yake jioni. Sasa sote tunaifuata desturi hiyo, hata majumbani kwetu.

Lakini hatuwezi kumsifu Mzee Sefu bila kuigusa barabara hii iliyo mbele ya gereji. Agosti 1990 binti yake wa pekee, Kaliza, aliolewa Kabale, ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Basi lake lilipita hapa hapa likipanda kuelekea mpakani Gatuna, na baba yake alisimama kando ya njia akipunga, koleo bado mkononi. Oktoba vita vikaanza, njia ikafungwa. Mwaka uliofuata dereva wa lori la Bukoba alituletea habari kwamba Kaliza amejifungua mtoto wa kike, anaitwa Shimwa. Tangu hapo, kila gari likishuka kutoka juu, Mzee wetu huinua kichwa. Tumeyazoea hayo, ila hatujaacha kuumia tukimwona.

Njia iliyobaki ni ya kuzunguka: Rusumo, Tanzania, Bukoba, ndipo uingie Uganda. Mkewe, Mama Kaliza, ana mgongo usiovumilia kukaa kitako, na kubaki nyumbani amekataa katakata. Nani angemlaumu? Basi mwaka jana Mzee akaanza kujenga uani kwake kibanda cha kulala juu ya ekseli kuukuu, cha kuvutwa na gari lake, Pijo. Ndani kuna godoro. Nyuma kuna jiko dogo, limefunikwa na mlango mpana wenye bawaba juu, unaonyanyuliwa ukawa kivuli cha mpishi. Majirani waliuliza kuku wataletwa lini.

Ndani ya mlango huo alitaka taa, na hapo ndipo alipotoka jasho. Kila mlango ulipopanda na kushuka, waya ulikunjika palepale kwenye bawaba, mwisho ukakatika. Alibadilisha waya, alibadilisha tundu la kuupitishia, alinuna. Hatimaye aliupitisha pembeni kabisa, pale bawaba inapoishia, akaacha kitanzi kilicholegea ndani ya kipande cha mpira wa baiskeli, ili mlango ukifunguka waya ujisokote taratibu bila kukunjika. Swichi nayo aliifunga chini sana, jirani na gurudumu. Tulimtania kwamba uzee umemshusha mkono.

Siku tuliyokwenda kumsaidia huko uani, Nzeyimana, kwa wema wake na kupenda usafi kwake, alikiona kitanzi kinaning'inia, akakivuta, akakibana kwa vibanio kikatulia. Kazi ilipendeza kweli kweli. Mlango uliponyanyuliwa, waya ukachomoka na fyuzi ikaungua. Maskini Nzeyimana! Tulingojea ngurumo. Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka, akasema waya unaosafiri na mlango haukazwi, huachiwa wa kutosha kwenda na kurudi. Kisha akageuka kutazama upande wa Gatuna.

Jumamosi iliyopita tulikwenda sote Nyamirambo kuiaga trela. Balbu ya kupimia iliwaka mlango ukiwa juu, ikawaka ukiwa chini. Tukapiga makofi, tukamsihi aweke balbu mpya awashe. Akakataa. Tukasema haya basi, Mama Kaliza awashe. Naye akakataa, akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Ndipo Mzee akatukumbusha desturi yake: mwenyewe ndiye anayewasha, na mwenye trela hii yuko Kabale, ana miaka miwili na nusu. Kimo chake Mzee hakijui, maana hajawahi kumwona. Ndiyo maana swichi ameiweka chini.

Nzeyimana alikwenda kusimama nyuma ya Pijo, akakaa huko kitambo.

Wanaondoka Jumatatu. Njiani watapika kwa mwanga wa kandili, na balbu mpya imefungwa kwenye leso, ndani ya mfuko wa shati la Mzee.

Asante, Mzee Sefu, kwa mikono yako, kwa ubishi wako, na kwa kutufundisha kumngoja mwenye gari. Gereji itakuwa kimya mno bila wewe, na tunasema wazi kwamba tutakukosa. Mungu awafikishe wewe na Mama Kaliza, Shimwa aifikie swichi, na maisha yenu yawe mema. Mkirudi, mrudi kwa njia fupi, hii inayoshuka mbele ya gereji. Kila gari likishuka, sasa ni sisi tutakaoinua vichwa.

Épiphanie Mukagasana, mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote