Ubao wa Dulcie

Benchi liko mbele ya duka la mikate la Wirrabeen, mji mdogo wa wakulima wa ngano huko Australia, na kila asubuhi wazee watatu hulikalia na chupa yao ya kahawa. Yupo Refa, aliyechezesha kriketi mpaka magoti yakamgomea. Ubishi ndio bado hajaustaafu. Yupo Manyoya, aliyemaliza ujana wake akinyoa kondoo. Na yupo Clem, mwenye duka, ambaye tangu amzike mkewe Dulcie hajawasha tanuri. Alhamisi ile aliwaambia wenzake kwamba kesho anafungua. Mkate haumsumbui, mikono yake inaujua. Kinachomsumbua ni ubao wa chaki ulioegemea mlango, maana mwandishi wake alikuwa Dulcie.

Kiingereza Clem alizaliwa nacho, ila herufi zake hazijawahi kumkubali. Maneno yanatamkwa sawasawa, ukienda kuandika kila moja lina mambo yake. Safari moja Dulcie alikwenda kwa dada yake, na Clem akatangaza vipande vya keki kwa kuandika neno la amani, ambalo kwa Kiingereza husikika kama la kipande. Mji mzima ukaja kuagiza amani, ya chokoleti na ya limau. Dulcie aliporudi alicheka mpaka akakaa chini, akakataa kuufuta ubao wiki nzima.

— Haya, unga na ua, kwa Kiingereza sauti yao ni moja, alianza Clem. Nitajuaje lipi ni lipi?

— Mbona rahisi, akasema Refa. Lenye W ni la vitu vya nje. Ua liko nje, unga uko ndani ya gunia.

— Na gunia likiachwa nje? akauliza Manyoya.

— Huo uzembe wako, herufi usizisingizie.

Manyoya akaja na yake. Herufi, alisema, zililetwa na meli kutoka Uingereza, zikazidi, na kwa vile hakuna aliyetaka kuzirudisha zikapachikwa popote penye nafasi. Ndiyo maana askari wa farasi wa zamani ana K isiyotamkwa, na usiku, unaosikika vilevile, hauna.

— K inataka kufungwa mahali, alieleza. Askari ana farasi. Usiku ungeifunga wapi?

Refa alikubali, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akadai kwamba hata farasi wenyewe wanajua. Clem alikuwa akiwasikiliza kwa mapenzi, bila kusikia sana. Mkononi alishika kitambaa alichokilowesha asubuhi ili afute ubao. Kilikuwa kimeshakauka.

Hapo mwanamke mmoja mgeni akasimamisha gari lake lililojaa vumbi, akashuka, akausoma ubao.

— Samahani, wazee wangu. Hapa pameandikwa, tunafungua Jumatatu. Jumatatu ipi?

Refa akatazama viatu vyake. Manyoya akamimina kahawa, chupa ikatoa tone moja. Maneno yale Dulcie aliyaandika asubuhi aliyopelekwa hospitali, na Jumatatu nyingi zilikuwa zimeshapita. Clem akajua kwamba siku zote hizi hakuwa akiogopa herufi.

— Aliyeandika ni mke wangu, alisema hatimaye. Hatarudi. Lakini mkate upo kesho, mama. Pita mapema.

Mwanamke akampa pole, akasema atalala hapohapo mjini.

Clem akatia kitambaa mfukoni, akachukua chaki, akainama. Chini ya mwandiko wa mkewe, bila kuugusa, aliandika polepole kwamba kesho kuna mkate. Kisha akageuka.

— Niko sawa?

Refa, aliyewatoa watu uwanjani miaka yote kwa kuinua kidole kimoja, aliusoma ubao mara mbili. Akaviweka vidole vyake vyote mfukoni.

— Uko sawa, bwana.